Samaki Wamekufa Mtoni? Usiwaokote: Maswali Tunayoulizwa Zahanati

Bondeni huku jambo ni lile lile. Mtu anadamka alfajiri, anakuta perege wameelea ukingoni, anajaza ndoo na kumshukuru Mungu. Jioni tunaletewa watoto wanaotapika. Nimejibu maswali haya mara nyingi mno, hasa kwa majirani zetu wa kando ya mito ya Dar es Salaam, yaani Msimbazi, Kizinga na Mzinga, kwa hiyo nayaandika.

Samaki wanahusiana nini na afya yangu?
Wewe unachota maji na kuondoka, samaki anashinda na kulala humo. Chupa ya maji ukiipima leo inakupa habari za leo tu. Dawa ya shambani iliyopita juzi imeshafika baharini, lakini samaki aliipitia. Ndiyo maana wataalamu huchunguza samaki wa asili wa mto: aina zipi bado zipo, zipi zimepotea, wangapi wana vidonda au mapezi yaliyoliwa. Mwanabiolojia Mmarekani James Karr aliiwekea njia hii vipimo maalumu mwaka 1981, ingawa mvuvi mzee wa Ruvu angekueleza habari za mto wake bila vipimo hivyo.

Kwa nini wawe wa asili?
Kwa sababu tunajua wanapaswa kuwepo. Yule perege wa Rufiji na Ruvu akitoweka, kuna kitu kimemfukuza. Samaki aliyetoroka bwawa la mtu hatuelezi mengi.

Mbona kambale bado wapo tele?
Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, anaishi hata kwenye tope. Kumwona yeye si cheti cha usafi. Akibaki peke yake mtoni, hiyo ni habari mbaya.

Shamba linaingiaje hapa?
Sisemi viwanda na vyoo havina lawama, Msimbazi tunaujua. Ila mvua ikisomba mbolea ya bustani za mchicha, mwani hustawi majini, na usiku oksijeni hupungua hadi samaki wanapanda juu kuhema. Dawa za wadudu ni balaa jingine. Nyingi huzuia kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho huituliza mishipa ya fahamu baada ya kutuma ujumbe. Wataalamu hukipima kwenye ubongo wa samaki: kikishuka, dawa imepita. Na wewe unacho hicho hicho. Kwa hiyo, ndugu yangu unayesuuzia bomba la kupulizia mtoni halafu mwanao anaoga hatua ishirini chini yako, naomba uache. Nimekwishaomba sana.

Nikiwakaanga hadi wakauke, si sumu inakufa?
Hapana. Moto unaua vijidudu. Sumu haina uhai wa kutolewa, na moto wa jikoni haukupi uhakika wowote wa kuimaliza.

Nikitoa matumbo na kuosha kwa ndimu?
Hapana. Sumu huingia hadi kwenye nyama na mafuta ya samaki. Ndimu inaondoa shombo, basi.

Paka wetu alikula na hakufa.
Bado ni hapana! Paka si maabara. Huenda alikula kichwa cha samaki aliyepata sumu kidogo, na wewe ukampa mtoto yule samaki aliyepata nyingi.

Labda walikosa hewa tu, hawakula sumu?
Labda. Utawatofautishaje kwa macho? Isitoshe, wapo wanaomwaga dawa ya shambani majini makusudi ili wavue kirahisi, jambo ambalo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inalikataza. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifungia samaki wa Ziwa Victoria kwa ajili ya mchezo huo huo. Samaki uliyemkuta amekufa mtoni haliwi, hauzwi, hapewi jirani wala bata. Mwarifu mtendaji wa mtaa au afisa uvuvi.

Maji ya mto nikiyachemsha?
Utaua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, vizuri sana. Dawa za shambani zinaweza kubaki, na naitreti ya mbolea ndiyo inazidi kukolea maji yakipungua sufuriani. Usimkorogee mtoto mchanga maziwa ya kopo kwa maji hayo.

Dalili za sumu ya dawa za wadudu ni zipi?
Mate na machozi kutiririka, jasho jingi, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kuchezacheza, kifua kubana. Hapo mtu anaweza kushindwa kupumua muda wowote.

Tumpe maziwa kwanza?
Msimpe. Maziwa si dawa ya sumu hii, na anayetapika akipaliwa yataingia mapafuni. Msimtapishe pia. Kama dawa imemmwagikia, mvueni nguo na mumwoshe kwa maji mengi na sabuni, ninyi mkiwa na glavu au mifuko ya nailoni mikononi. Akilegea, mlazeni ubavu. Kisha bodaboda, bajaji, chochote kilicho karibu, hadi hospitali yenye oksijeni na atropini, dawa ya kupambana na sumu hii. Mje na chupa ya dawa yenyewe au lebo yake, na msinifiche kwamba alikula samaki wa kuokota.