B6: kidonge kimoja, kila nchi na mpaka wake

Juzi kaja dada mmoja hapa famasi na kopo la vitamini B6, miligramu 100 kila kidonge, katumiwa na ndugu yake toka Marekani, analalamika nyayo zinachomachoma na ganzi haimwishi. Unameza ngapi? Kimoja asubuhi kimoja jioni, "si vitamini tu jamani kaka." Nikamwambia asimamishe kwanza, aende hospitali akacheki na sukari maana ganzi ina mambo mengi.

Sasa cha ajabu, B6 hii hii ndo wanapewa wagonjwa wa TB walio kwenye dawa iitwayo aisoniazidi ili isiwaletee ganzi. Kidogo inakinga, ikizidi inaharibu neva, yaani mishipa ya fahamu. Ilishaandikwa tangu 1983, watu 7 huko Marekani walikuwa wanabugia gramu 2 mpaka 6 kwa siku wakaanza kupepesuka kama walevi. Hapo hakuna anayebisha, ubishi uko kwenye dozi za chini.

Uingereza 1997 kamati ya wataalamu wa sumu iliishauri serikali iweke mpaka wa miligramu 10 kwa siku, serikali ikatangaza ikizidi hapo ununue kwa mfamasia, kuanzia 50 uje na cheti cha daktari. Weee! Wanawake wengi walikuwa wanazitumia kwa kero za kabla ya hedhi, wenye maduka ndo usiseme. 1998 kamati ya kilimo ya bunge lao ikasema ushahidi mwepesi, na kweli utafiti mmojawapo ulikuwa wa wanawake 172 wanaojieleza wenyewe dalili zao. Serikali ikarudi nyuma, ikasubiri jopo jipya la wataalamu, 2003 jopo likaja na namba gani? 10 ile ile! Ila ikabaki ushauri tu.

Hesabu yenyewe hii hapa. Mbwa waliopewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito walidhurika neva. Gawa kwa 3 kwa kuwa dozi isiyodhuru haikujulikana, gawa kwa 10 kwa kuwa mtu si mbwa, gawa tena kwa 10 kwa kuwa watu hawafanani, zidisha kwa mtu wa kilo 60, unapata 10. Wamarekani 1998 wao walianzia kwa binadamu, miligramu 200 ambazo hazikuleta ganzi, wakagawa kwa 2 tu, ikawa 100. Ulaya walisema 25 mwaka 2000, 2023 wakashusha mpaka 12.

Mbwa wale hawakusema ugawe kwa 300, hiyo ni tahadhari ya watu waliokaa mezani, na mimi binafsi naona wako sahihi kuogopa neva. Kinachoniudhi ni waziri wa huko Uingereza kusimama na "wataalamu wamesema" kana kwamba 10 imetoka maabara, wakati kuamua tuogope kiasi gani ni kazi yake yeye aliyechaguliwa.

Yule dada kaniuliza, kwa hiyo kopo linadanganya? Hapana, kwa hesabu ya Marekani kidonge cha asubuhi kilikuwa ndani ya mpaka, cha jioni ndo kilimvusha.