Dubu wa barafu na DDT, yale tunayodanganyana mwaloni

Juzi nilikuwa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, namsubiri baba mdogo amalize kubishana bei ya dagaa, pembeni kuna kijana anaangalia video ya dubu wa barafu kwenye simu akasema bora hao, maji safi hewa safi, hamna wa kuwachafulia. Nikaropoka kwamba huyo dubu ana makemikali mwilini kuliko sisi wote tuliosimama hapa. Nilichekwa aisee. Hata baba mdogo akasema "mwanangu, shule imekuzidi". Sasa nayaandika haya kwa utulivu maana pale mwaloni hamna anayekuacha umalize sentensi.

Dhana ya kwanza ni hiyo hiyo ya kijana, kule hamna viwanda kwa hiyo hamna sumu. Viwanda kweli ni vichache mno, lakini katikati ya miaka ya 1960 pengwini wa Antaktika, ncha ya kusini ya dunia, walipimwa wakakutwa na DDT, dawa ya kuua wadudu, na huko hakuna mtu aliyewahi kulima pamba wala kupuliza dawa ya mbu. Ilifikaje? We funika sufuria ya maharage inayochemka halafu funua uangalie mfuniko kwa ndani, umelowa, mvuke umepanda umekuta ubaridi ukageuka maji. Kemikali kama DDT na PCB, hiyo ya pili ilitumika kwenye vifaa vya umeme, kwenye nchi za joto zinapaa kidogo kidogo, upepo unazibeba, zikikuta baridi zinashuka, pakipata joto tena zinapaa, hivyo hivyo kwa kurukaruka, wataalamu wanafananisha na panzi, mpaka zinafika penye baridi kali na hapo nguvu ya kuruka inakuwa imeisha. Nyingine zinapanda mikondo ya bahari, hizo zinatumia miaka. Na kwenye baridi vitu vinaoza polepole, kwa hiyo zikishafika zinakaa sana.

Ya pili ndo inanikera zaidi, eti bahari ni kubwa sumu itapotea humo humo. Hapa wenye mawese mtanielewa haraka. Shati likidondokewa na mawese ukalisugua kwa maji baridi matupu utasugua mpaka jioni na doa liko pale pale linakuangalia, kwa sababu mafuta na maji hayapatani. Hizi kemikali nazo hazitaki maji, zinataka mafuta. Ziko baharini kwa kiasi kidogo sana lakini kila kiumbe chenye mafuta ni kama sponji. Vijimea vidogo vya kuelea vinazinyonya, vinaliwa na vidudu kama kamba wadogo, hao wanaliwa na samaki, samaki wanaliwa na sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, sili analiwa na dubu. Na kila anayekula hachukui za mmoja, anachukua za wote aliowahi kuwala maisha yake yote maana mwili hauna njia nzuri ya kuzitoa. Tena dubu anachopenda zaidi kwa sili ni yale mafuta ya chini ya ngozi, yaani anaenda moja kwa moja kwenye ghala. Ndo maana ukilinganisha maji ya bahari na mafuta ya dubu unakuta tofauti ya mamilioni ya mara.

Nyangumi muuaji ndo mfano mzuri kabisa, wale wanaokula samaki wana PCB kidogo kuliko wale wanaokula sili, bahari moja ila menyu tofauti. Na majike huwa na kiasi kidogo kuliko madume, unajua kwa nini? Wanaitoa kwenye maziwa. Mtoto wa kwanza ndo anabeba mzigo mkubwa. Hili mi nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Binadamu wa kule nao hawakupona. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti Kanada walikuwa wanapima maziwa ya akina mama, wakaenda kwa Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Quebec, wakitegemea kupata maziwa safi ya kulinganishia, kumbe PCB yao ilikuwa kama mara 5 ya akina mama wa kusini kwenye miji na viwanda. Sasa mtu anarukia kusema basi wanyonyeshe ya kopo na waache nyama ya sili. Taratibu. Madaktari waliendelea kushauri kunyonyesha kwa sababu faida ni kubwa kuliko hatari, na chakula cha dukani kule kinaletwa kwa ndege au meli, bei yake usiulize, halafu kingi ni sukari na unga.

Kuna wanaodhani sumu ni mpaka mnyama aanguke afe. Hapana, hizi zinavuruga homoni, kinga ya mwili na uzazi, dubu unamuona anatembea vizuri tu. Na kuchemsha hakusaidii, hizi sio bakteria.

"Si zilishapigwa marufuku?" Zilipigwa, ndio. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia kemikali za namna hii, ulipitishwa 2001 ukaanza kazi 2004 ukiwa na kemikali 12, DDT ikaachiwa mlango wa kupambana na wadudu wanaoeneza magonjwa kama malaria. Na marufuku hizo zilisaidia, viwango vya DDT na PCB kwa wanyama wengi wa Aktiki, kule kaskazini kwa dubu, vimeshuka. Ila utafiti wa 2008 ulikuta DDT kwa pengwini wa Antaktika magharibi haijashuka kama ilivyotegemewa, mojawapo ya sababu ni barafu ya zamani inayoyeyuka na kuachia ilichokuwa imefungia. Halafu zinakuja mpya, PFOS, kemikali ya kuzuia maji na madoa kwenye vitambaa, iliingizwa kwenye mkataba 2009, hiyo wala haifuati mafuta, inakaa kwenye damu na maini.

Mwisho ile ya "haituhusu". Samaki wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi walishapimwa wakakutwa na DDT, na ziwa hili maji yake yanabadilika polepole mno. Sijasema watu waache dagaa! Dagaa yuko chini kwenye ule mlolongo na anaishi muda mfupi, hapati nafasi ya kukusanya. Kinachonitisha mimi ni wale wanaoiba mafuta ya transfoma, wengine wanapaka kwenye vidonda, wengine wanakaangia chipsi eti hayaishi haraka. Baadhi ya transfoma za zamani ndo zilikuwa zinawekwa PCB, na PCB haivunjiki kirahisi kwa moto wala mwilini.

Niliporudi kumweleza baba mdogo yote haya alikuwa ananifungia mgebuka kwenye gazeti. Akasimama akamwangalia yule samaki, akauliza, "kwa hiyo huyu kabeba na ya dagaa wote aliowala?" Nikamwambia kama ipo, ndio. Akamrudisha kwenye beseni akanichagulia mdogo zaidi, bei ileile.