Kuwaaga Wanafunzi si Kuagana Nao

Kiswahili kinatenganisha kuaga na kuagana. Anayeaga husema lake akashika njia. Wanaoagana wamepeana nafasi, kila mmoja ametoa la moyoni. Kazi yangu ni kuwaandaa walimu wa kujitolea kabla hawajaenda kufundisha nchi za nje, na siku hizi sehemu kubwa ya mafunzo ninayotoa inahusu wiki zao za mwisho, kwa sababu wengi wao huaga tu.

Nami niliaga vibaya. Nilifundisha darasa la tatu ugenini kwa muhula mmoja, na sikuwaambia watoto kwamba naondoka hadi asubuhi ya siku yenyewe. Nilidhani nawaepusha na huzuni. Kulikuwa na mvulana wa dawati la mbele ambaye kila siku alinibebea madaftari hadi ofisini. Siku hiyo hakuyagusa. Aligeukia ukutani akabaki hivyo mpaka kengele ikalia. Niliondoka nikiwa na donge moyoni kwamba hata kwaheri hakunipa. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba mimi ndiye niliyemnyima nafasi hiyo: nilikuwa na miezi ya kuizoea tarehe yangu, yeye nikampa saa chache.

Katikati ya karne iliyopita, huko London, daktari wa magonjwa ya akili John Bowlby na mtafiti mwenzake James Robertson walichunguza watoto wadogo waliolazwa hospitali mbali na wazazi wao. Waliona kwamba mtoto kwanza hulia na kupinga, kisha hunyong'onyea, halafu hutulia. Utulivu huo ndio uliowapotosha watu wazima, wakadhani mtoto amezoea na yuko sawa, kumbe alikuwa amejitenga. Mwalimu wa muhula mmoja si mzazi, na mwanafunzi anayerudi kwao kila jioni hayuko katika hali ya mtoto yule wa wodini. Hata hivyo funzo la utulivu linanisaidia sana. Mwalimu akiniambia, “Wanafunzi wangu hawakuhuzunika hata kidogo,” humuuliza walimu wangapi wa kujitolea walipita hapo kabla yake. Mtoto aliyeachwa mara nyingi hujifunza kutomsogelea sana anayekuja.

Shule ikiwa imeunganishwa na kituo cha kulelea yatima, tahadhari iwe kubwa zaidi. Desemba 2019, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za mtoto lililotaja madhara ya kujitolea katika vituo vya yatima. Ushauri wangu kwa anayetaka kwenda huko kwa wiki chache ni kwamba asiende.

Kwa shule za kawaida, nasisitiza tarehe ijulikane tangu wiki ya kwanza. Mtoto wa miaka saba hashiki vizuri maana ya “mwezi ujao”, lakini anaelewa vipindi kumi vilivyochorwa ubaoni, kimoja kikifutwa kila siku. Wakubwa waambiwe tarehe na sababu. Kisha, katika wiki mbili za mwisho, mwalimu wa kudumu arudi mbele ya darasa na wewe uwe msaidizi wake. Hapa ndipo ninapopingwa zaidi, maana kila mtu anatamani kipindi kile cha mwisho kiwe chake. Naielewa hamu hiyo. Lakini watoto watabaki na yule mwenzako, na wanahitaji kuona kwa macho yao jinsi unavyomkabidhi darasa.

Halafu kuna maneno yenyewe. Sisi husema “kwaheri ya kuonana” hata kwa mtu ambaye hatujui kama tutamwona tena, na mtu mzima huipokea kama adabu. Mtoto huipokea kama ahadi. Atahesabu siku. Kama hujui utarudi, mwambie hivyo, kwa lugha yoyote mnayoelewana: “Sijui kama nitarudi.” Kisha mpe kitu cha kweli cha kubaki nacho: kwamba utakumbuka siku alipomwelekeza jirani yake hesabu za kugawanya bila kuambiwa. Usimpe namba yako ya simu, na zawadi iwe ya darasa zima. Barua zipitie shuleni. Picha ni suala la ruhusa: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unalinda faragha ya mtoto, na siku ya mwisho haiufuti.

Sherehe za kuaga hazinifurahishi sana pale watoto wanapopangwa mstari kumsifu mgeni. Napenda zaidi kila mtoto apewe karatasi achore au aandike anachotaka mwalimu ajue, hata kama ni hasira. Binti mmoja aliniandikia, “Nimekasirika kwa sababu unaondoka kabla hatujamaliza kitabu.” Alikuwa na haki, nikamwambia hivyo. Kulia mbele yao si kosa, ila ukiona wameanza kukubembeleza wewe, toka nje kidogo ujitulize. Mzigo huo si wao.

Hayo ya karatasi yalitokea mara yangu ya pili, katika shule nyingine. Kipindi cha mwisho kilifundishwa na mwalimu wao, mimi nikiwa kwenye benchi la nyuma. Msichana wa mbele yangu aligeuka akaniuliza kama nimelielewa swali la tatu, kisha, bila kungoja jibu, akaanza kunielekeza, kidole kikifuata tarakimu. Kengele ilipolia wote walikimbilia uwanjani. Wawili walirudi mlangoni kunishika mkono. Wengine niliwapungia nikipita kando ya mpira wao, nao wakapunga, wakaendelea kucheza.