Maandamano: unapeleka notisi, huombi ruhusa

Kila nikienda mtaani hapa Kenya kufundisha mambo ya katiba, maandamano yakitajwa swali la kwanza ni lilelile, hawa vijana nani amewapa kibali? Anayeuliza mara nyingi ni mtu mzima na simlaumu hata kidogo, kwa sababu zamani kweli ilikuwa lazima leseni. Sheria yenyewe ya mikutano na maandamano ni ya mkoloni, ya 1950, na ni mageuzi ya 1997 ndiyo yalibadilisha leseni ikawa notisi, halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 37, ikampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamishi kwa wakubwa, bora iwe kwa amani na bila silaha.

Notisi inaenda kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, isipungue siku 3 na isizidi siku 14 kabla ya siku yenyewe. Kama kuna wengine walishapeleka ya mahali hapo na saa hizo, atawaambia. Anaweza pia kuzuia, lakini awe na hatari ya kweli ya amani kuvunjika, si hivi hivi tu.

Sasa shida inakuja hapa, notisi inataka jina na anwani ya mwandalizi. Juni 2024 mwandalizi alikuwa nani? Hakukuwa na chama wala mwenyekiti, kulikuwa na Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, na watu wameushika kwa simu, huyu anasoma kipengele cha VAT, kodi ya bidhaa, asilimia 16 kwa mkate kwenye TikTok, yule anakitafsiri kwa lugha ya mama ili nyanya yake kijijini aelewe. Mimi naamini nguvu ilitoka hapo, kwa kusoma, kabla hata mtu hajatoka barabarani. Tarehe 25 wabunge wakaupitisha kwa kura 195 kwa 106, waandamanaji wakaingia bungeni, risasi zikapigwa na watoto wa watu wakafa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Wale waliokufa haki yao ilikuwa imeandikwa, na inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mkiwa kikundi, hata kidogo, chagueni wawili watatu wa kusaini. Andikeni tarehe, mahali, njia mtakayopita na saa, kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Bebeni nakala mbili, moja igongwe muhuri pale kituoni mrudi nayo, na muipige picha kabla hamjatoka getini.