Je, wajua kwa nini "ametulia" si sawa na "amepona"?

Chukua mfano wa mama muuza omena wa Dunga, Kisumu. Amelazwa wodi ya akili wiki tatu. Sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza, usingizi umerudi. Faili linaandikwa "ametulia", anaruhusiwa. Hakuna aliyemuuliza kama mtaji wake ungalipo, wala kama wateja watakubali kununua tena mkononi mwake.

Huduma inayolenga kupona huanzia kwenye maswali hayo. Mwaka 1993 Mmarekani William Anthony, mwanasaikolojia, alieleza kwamba mtu anaweza kuishi maisha ya kuridhisha na yenye matumaini hata kama ugonjwa wa akili bado unamwekea mipaka. Sindano ya kila mwezi inaweza kuendelea, ila mgonjwa naye ana sauti katika matibabu yake. Kenya imeliweka hilo hata kisheria, katika marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili.

Mbona basi wodini mambo huchelewa kubadilika? Muda ni mchache: muuguzi mwenye foleni tangu asubuhi atauliza kuhusu usingizi na chakula, aandike dawa, aite mwingine. Dawa zikiisha zahanati ya karibu, mgonjwa hutafuta nauli ya kwenda mjini. Nyumbani nako, jamaa wamezoea kumwamulia kila kitu.

Lipo jambo jingine ambalo mimi naliona zito kuliko hayo yote. Mhudumu hukutana na mgonjwa akiwa katika hali mbaya kabisa. Aliyepata nafuu akarudi sokoni haji tena wodini kusalimia. Anayerudi ni yule aliyezidiwa. Baada ya miaka kumi ya kuwaona hao tu, hata muuguzi mwenye moyo mwema huanza kuamini kwamba hakuna anayepona, na asiyeamini hawezi kumuuliza mtu kuhusu kesho yake. Mitaani ni vivyo hivyo: aliyeugua malaria haitwi kwa jina la malaria maisha yake yote, lakini aliyewahi kuugua akili, kwa Wajaluo, hubaki "janeko", yaani mwendawazimu, hata akisomesha watoto hadi chuo.

Ndiyo sababu huduma za aina hii, zinapofanikiwa, huwaajiri watu waliowahi kuugua wakae kliniki na wagonjwa wapya. Mgonjwa anapata wa kumwelewa. Muuguzi naye, pengine kwa mara ya kwanza, anamwona kila siku mtu aliyepona.