Tundu la moyo limezibwa, homoni bado zinajipanga

"Daktari, tangu azibwe tundu la moyo anadai uji hata usiku. Ni kawaida?" Hapa Mbeya swali hili huletwa na wazazi waliorejea kutoka Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huziba matundu ya kuzaliwa nayo bila kupasua kifua. Mrija mwembamba, kateta, hupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, kisha kifaa cha kuzibia hufunguliwa pale penye tundu.

Ni kawaida, na homoni zina mkono wao.

Moyo husukuma damu, lakini pia hutoa homoni. Kuta zake zikitanuliwa na damu iliyozidi, hutoa homoni iitwayo BNP, ambayo huziamuru figo zitoe chumvi na maji ili mzigo upungue. Mtu angetarajia ishuke siku ile ile tundu linapozibwa. Si lazima. Tundu likiwa kati ya vyumba vya juu, upande wa kushoto uliozoea damu kidogo hujikuta ghafla unapokea yote, hivyo BNP inaweza kupanda kwanza, ndipo ishuke taratibu. Kwa hiyo majibu ya kipimo cha BNP cha kesho yake yasikukoseshe usingizi.

Adrenalini na kotisoli, homoni za mshtuko, nazo hupanda, ila kwa kawaida si kama pale kifua kinapofunguliwa.

Tuje kwenye uji. Kabla ya kuzibwa, mtoto huchoka hata kunyonya, na chakula kidogo anachopata huishia kwenye kuhema na mapigo ya kasi. Ini lenye njaa huwa halisikii homoni ya ukuaji hata ikiwepo tele. Mtoto akianza kushiba, ini huitika tena. Kwenye kadi ya kliniki uzito hutangulia, urefu hufuata baadaye.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Dawa inayochomwa ili mishipa ionekane kwenye picha ina madini joto mengi. Nyanda zetu hizi zilijulikana kwa rovu lililotokana na uhaba wa madini hayo. Ajabu ni kwamba yakizidi ghafla, tezi ya shingo ya mtoto mchanga inaweza kupunguza kazi. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishauri watoto wa hadi miaka 3 waliopewa dawa hiyo wafuatiliwe tezi ndani ya wiki 3. Dalili ni usingizi uliopitiliza, choo kigumu, ngozi kavu na kunyonya kwa uvivu. Mwili wa baridi pia ni dalili, ingawa Juni ya Mbeya kila mtoto ana mikono ya baridi. Vichanga wengine hawaonyeshi chochote, ndiyo maana tunapima damu.

Basi ukienda kliniki ya karibu, iwe Makete au Rungwe, beba karatasi ya ruhusa ya hospitali na umwonyeshe muuguzi tarehe ya kateta. Chumvi yenye madini joto usiiondoe jikoni. Kiasi chake ni kidogo mno kulinganisha na cha dawa ile.