Mazoezi ya kriketi kwa timu za wanawake za ridhaa: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

"Mazoezi ni neti. Kila mtu apige dakika kumi, zamu ipite."

Neti, yaani kile kizimba cha wavu ambamo mpigaji hurushiwa mipira, inafaa kurekebisha mkono na miguu, lakini mchezo wenyewe haifundishi. Ndani yake hakuna kukimbia, hakuna mdakaji, hakuna wa kumwambia mwenzake "njoo!" au "ngoja!". Mpira wa juu ambao uwanjani ungedakwa kirahisi, kwenye neti unapigiwa makofi. Na mmoja akipiga, wengine wanane wanapiga soga. Timu inayokutana mara moja kwa wiki haina muda wa kuchezea hivyo.

Tokeni nje. Wekeni wapigaji wawili, mrushaji, mlinda wiketi (anayesimama nyuma ya vile vijiti vitatu, yaani wiketi) na wachezaji watano uwanjani, kisha watajieni hesabu: mikimbio, yaani pointi, 14 kwa mipira 12. Mpigaji akitolewa, ametolewa. Hakuna "nipe mmoja wa mwisho". Hapo ndipo utamwona yule aliyekuwa akipania kuvusha kila mpira mpakani ameanza kutafuta mapengo na kuokota mkimbio mmoja mmoja. Mrushaji naye anajifunza kuwapanga wenzake, jambo ambalo neti haimpi nafasi ya kulijaribu.

"Rudia pigo lilelile mara hamsini, litakaa."

Ukirushiwa mpira uleule mahali palepale, baada ya dakika kumi utaonekana bingwa. Siku ya mechi bingwa huyo haonekani, kwa sababu kazi ngumu ni kuusoma mpira: ni mfupi au mrefu, wa kupiga au wa kuacha? Tafiti za namna watu wanavyojifunza stadi za mwili zimeonyesha mara nyingi kwamba mazoezi yaliyochanganywa huonekana mabovu siku hiyohiyo, ila kilichojifunzwa hudumu zaidi. Anayeanza kabisa apewe marudio machache kwanza ili apate umbo la pigo. Baada ya hapo, changanyeni.

"Kudaka tutamalizia mwishoni."

Mwishoni watu wamechoka na nusu yao wanatazama simu. Katika mechi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita), mchezaji anaweza kupiga mipira kumi tu, au asipige kabisa, lakini timu yake ikiwa inalinda, wapinzani wakipiga, yuko uwanjani kwa mipira yote 120. Anzeni na kudaka, mwili ungali mbichi.

Hapo pia ndipo lilipo lile la "wanawake hawawezi kutupa mbali". Wengi hawakufundishwa kutupa walipokuwa wadogo, basi. Simama ubavu, kiwiko kisishuke chini ya bega, mguu wa mbele uelekee shabaha. Umbali uongezwe kidogo kidogo, wiki kwa wiki, bega lisije likagoma.

"Vifaa vya wanaume vitawakomaza."

Umbali kati ya wiketi ni uleule kwa wote, mita 20.12, lakini mpira wa wanawake una gramu 140 hadi 151, wa wanaume 156 hadi 163, na ni mkubwa kidogo pia. Kuzoea mmoja na kuchezea mwingine ni kujitafutia kazi. Gongo la kuazima nalo lina kipimo cha haraka: lishike kwa mkono wa juu peke yake, ulinyooshe mbele. Mkono ukianza kutetemeka mara moja, hilo ni zito kwako.

"Kupasha mwili ni kuzunguka uwanja mara mbili."

Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wanawake huumia kano ya msalaba ya mbele iliyo katikati ya goti (ACL) mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Mazoezi ya kutua magoti yakiwa yamekunjwa bila kuingia ndani, pamoja na kugeuka kwenye mstari kama unavyogeuka kwenye wiketi, hupunguza hatari hiyo. Dakika kumi na tano zinatosha.

"Aliye kwenye hedhi akae nje."

Mwulizeni mwenyewe. Akijisikia vizuri, afanye yote. Akiwa na maumivu, apunguze.

"Mrushaji wa kasi arushe mpaka achoke."

Hesabuni mipira, msihesabu dakika. Aliyekosa wiki tatu asirudi na ova nane siku ya kwanza, maana mzigo ukipanda ghafla hivyo, mifupa ya mgongo wa chini huweza kupata nyufa. Apewe ova mbili au tatu za nguvu, kisha awe mwamuzi wa ile mechi ya mipira 12.